Dakika Ishirini na Moja za Deka Billow

Saa aliyoiandika Deka Billow kwenye fomu ilikuwa ya uongo.

Fomu iliuliza: ulisikia harufu kwa mara ya kwanza saa ngapi? Akaandika saa tatu na dakika hamsini na mbili asubuhi, wakati ule ule ambao msimamizi wa wahudumu alimpigia rubani simu. Ukweli ni kwamba aliisikia saa tatu na dakika thelathini na moja. Dakika ishirini na moja zilikuwa zimepotea, na yeye ndiye aliyezipoteza. Fomu hiyo aliijaza katika chumba kidogo cha uwanja wa ndege wa Nantes, Ufaransa, mwezi Machi 2018, huku mwenzake Précieuse akiwa amekwisha pelekwa hospitali, hajui siku hiyo ni siku gani.

Wapo watu hapa Birmingham, Uingereza, wanaosema Deka ni mwoga. Wapo wanaosema ni shujaa, wakitaja jinsi alivyowatoa abiria viti vya nyuma. Nimemjua tangu tukiwa majirani mtaa wa Castle Vale, na haya mengi alinieleza mwenyewe jikoni kwao, kwa hiyo nitayaweka yalivyokuwa.

Alizaliwa Isiolo, Kenya, katika familia ya Kisomali iliyokaa pale vizazi vitatu. Baba yake, Billow, aliendesha malori ya ng'ombe hadi Nairobi. Deka alipokuwa na miaka tisa walikwenda Uholanzi, na alipofika kumi na sita wakahamia hapa, katika nyumba ya manispaa ghorofa ya tatu. Baba akafariki mwaka wa pili. Deka akabaki na mama yake, Rukiya, na nyumbani wakaendelea kusema Kiswahili cha Isiolo, kwa kuwa ndicho walichokuwa wakigombana nacho na kuchekeana nacho. Alipanga rafu dukani, alifagia ofisi, alijifunza Kihispania kwenye simu akiwa ndani ya basi. Mwaka 2014 akaajiriwa kuwa mhudumu wa ndani ya ndege katika shirika dogo linalopeleka watu likizo Uhispania.

Rukiya alituma picha ya sare kwa Isiolo nzima. Lakini hakuacha kumtania.

"Castle Vale yote hii ilikuwa uwanja wa ndege," alimwambia. "Ndege zilikuwa hapa chini ya kitanda chako. Zikaondoka, wakatuletea nyumba. Sasa wewe unapanda basi mbili kuzifuata."

"Basi ningezaliwa mapema, mama."

"Ungezaliwa mapema ningekuwa nimeshapumzika."

Kila Alhamisi jioni Rukiya alifukiza nyumba na nguo kwa unsi, yaani udi na manukato yaliyopikwa na sukari mpaka yakagandamana. Alichoma kipande cha mkaa juu ya jiko, akakiweka kwenye chetezo, akanyunyizia unsi, kisha akatundika nguo juu ya moshi. Kabla ya hapo alipanda kiti na kukivalisha king'ora cha moshi mfuko wa plastiki wa dukani, akaufunga kwa mpira. "Hicho kidude hakijui tofauti ya moto na heshima," alisema. Nyumba za akina mama wengi wa Kisomali mjini hapa zina mfuko kama huo siku hiyo. Kwa Rukiya, kumtoa mtoto nje ya nyumba bila harufu nzuri kwenye nguo ni sawa na kumtoa bila kumwosha.

Mwaka 2015 abiria mmoja aliliandikia shirika barua. Alisema mhudumu mmoja, na akaeleza sura yake vya kutosha, alikuwa akinuka kama kitu kilichoungua, na kwamba alikaa safari nzima akihofia ndege inawaka. Barua ilifika kwa Charanjit, msimamizi wa wahudumu, mwanamke wa miaka hamsini aliyezaliwa mtaa wa Erdington na kumwita kila mtu "bab", kama watu wa hapa wanavyowaita hata wasiowajua. Charanjit alimvuta Deka pembeni. Hakumkaripia, na huenda angemkaripia ingekuwa afadhali.

"Bab, najua si kosa lako," alisema. "Bibi yangu naye alikuwa na ubani wake. Lakini hapa ndani harufu ya kuungua inatisha watu. Jitahidi tu, sawa? Na itabidi niiweke kwenye faili lako, ndio utaratibu."

Deka alisema sawa. Tangu siku hiyo sare yake ilikaa ndani ya mfuko uliofungwa, mfuko ukakaa chini ya kitanda, na Alhamisi akaanza kuiogopa. Mama yake hakuambiwa. Kila alipoingia kwenye ndege alijipitisha pua mkononi, kwapani, kwenye kitambaa cha shingo, kama askari anayekagua mtu mwingine. Nikifikiria miaka mitatu ya kujinusa namna hiyo, nakasirika hadi leo. Abiria yule alipewa kuponi na barua ya kuombwa radhi. Deka alipewa aibu, akaibeba kazini kila siku pamoja na beji yake.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Ijumaa. Jioni ya Alhamisi Rukiya, akifua na kupanga, alikuwa ameukuta mfuko chini ya kitanda, akaona sare imekunjamana na haina harufu yoyote ya nyumbani. Akaipiga pasi, akaifukiza vizuri, akaitundika mlangoni. Deka aliamka amechelewa, akaivaa, na alipofika kwenye basi ndipo pua yake ikamwambia. Hakukuwa na nafasi ya kurudi.

Ndege ilipaa saa tatu na dakika ishirini, abiria mia moja na sabini, wengi wao wazee wanaokimbilia jua. Deka na Charanjit walikuwa mbele. Nyuma kabisa, kwenye jiko la nyuma, alikuwa Précieuse pamoja na mhudumu mwingine aliyekuwa akipita na mkokoteni wa vinywaji. Précieuse alikuwa na miaka ishirini na nne, wa familia ya Wakongo wa Bukavu wanaokaa Shard End, mtaa jirani na Castle Vale. Yeye na Deka walikuwa wamekutana kwa Kiswahili: siku ya kwanza Précieuse alimsikia Deka akiulaani mlango wa choo uliokwama, akacheka hadi akakaa chini. Tangu hapo walipangiwa safari pamoja kila ilipowezekana.

Saa tatu na dakika thelathini na moja, ndege ikiwa bado inapanda, Deka alisikia harufu. Ilikuwa nyepesi, nzito kidogo mwishoni, ya kitu kilichoungua na chenye utamu mbaya. Kila mwaka wahudumu hufundishwa kwamba hewa ya ndani ya ndege nyingi hupitia kwenye injini, na kwamba oili ikivuja humo mvuke wake huingia hadi kwa abiria. Huweza kunuka kama soksi chafu, au mbwa aliyelowa, au kitu kilichoungua. Kanuni ni fupi. Ukisikia harufu usiyoijua, mwambie rubani papo hapo. Hutafuti hakika kwanza. Asiyesema anaweza kufukuzwa.

Deka aliinua mkono wake na kuunusa. Mkono ulinuka unsi. Kwa hiyo akaamini amekipata chanzo.

Aliingia chooni, akasugua mikono ya koti kwa sabuni na maji, akatoa chupa ya marashi kwenye mfuko, akajipulizia shingoni, kifuani, mgongoni. Alipotoka akapulizia na kwenye pazia la jiko. Kisha akaendelea kuhesabu sandwichi.

Saa tatu na dakika thelathini na nane Précieuse alikuja mbele, akasimama karibu naye, akasema kwa sauti ya chini.

"Dada Deka, kule nyuma iko inanuka. Sawa soksi ya mtu. Mwenzangu anasema hasikii kitu, ana mafua. Weye hauskii?"

"Ni mimi," Deka akasema.

"Weye namna gani?"

"Mama amefukiza hii koti jana. Unsi. Si unajua hiyo kesi yangu. Nimetembea hadi huko nyuma mara mbili, nimeiacha kila mahali."

Précieuse akamsogelea, akamnusa begani. "Hii yako inanuka marashi. Ile ingine..." Akasita. "Niite Charanjit?"

"Precie, tafadhali. Akisikia tena hii maneno ya kuungua ni barua ya pili. Usimwambie. Itaisha."

Précieuse alimtazama. Kisha akatabasamu, akamgonga bega. "Sawa, dada. Ju yako, nafunga mdomo." Akarudi jiko la nyuma, mahali ambapo hewa ilikuwa mbaya kuliko pote, akakaa humo.

Huu ndio moyo wa kisa chote. Précieuse alikuwa na pua nzima na akili nzima. Alijua kanuni. Alinyamaza kwa kumpenda mwenzake.

Saa tatu na dakika hamsini na mbili Charanjit alitoka chumba cha marubani, ambako harufu ilikuwa bado haijasikika, akasimama katikati ya njia, akakunja uso. Mwisho wa ndege kulikuwa na ukungu mwembamba, wa kijivu, uliokaa chini ya taa za kusomea. Wakati huo huo Précieuse alitokea kwenye pazia la nyuma akishikilia viti, akipiga hatua kama mtu anayetembea ndani ya maji. Charanjit alinyakua simu ya ndani. Deka alimsikia akisema maneno yaliyofundishwa: harufu ya oili, ukungu nyuma, kali, mhudumu mmoja ameathirika.

Marubani walivaa barakoa zao za oksijeni. Baadaye ilijulikana kwamba hata rubani msaidizi alikuwa ameanza kusoma namba kimakosa. Nahodha alifunga hewa ya injini moja na kugeuza ndege kuelekea Nantes.

Kuanzia hapo Deka alifanya kazi yake, na aliifanya vizuri, sitamnyima hilo. Alikwenda nyuma, akamkokota Précieuse hadi kiti cha mbele. Akawahamisha abiria wa safu sita za mwisho, wengine wakikaa watatu watatu sakafuni. Akalowesha taulo, vitambaa vya meza, hata shuka la mtoto, akawagawia wazibe pua na mdomo na kuinama chini. Bwana mmoja mzee, Kishore, alikuwa na pumu. Deka akampa chupa ya oksijeni ya mkononi na kumshika mkono hadi pumzi ikatulia.

Kijana mwenye fulana ya timu ya mpira akasimama. "Angusheni zile barakoa za juu! Mnangoja nini, tufe?"

"Kaa chini, kaka."

"Nimelipia kiti hiki, nitasimama!"

"Zile za juu zinachanganya oksijeni na hewa hii hii ya humu ndani," Deka akamwambia, uso kwa uso. "Ukiivaa utavuta moshi huo huo, na mimi nitakuwa nimekudanganya. Shika taulo. Lowesha lingine, mpe mama yule."

Kijana akalichukua. Mke wa Kishore, chini ya taulo lake, akasema, "Umemwambia vyema. Tangu Birmingham anapiga kelele huyo."

Walitua saa nne na dakika ishirini na mbili. Waganga wa dharura waliingia. Précieuse, ambaye Kifaransa ni lugha aliyofundishwa na mama yake utotoni, alitazamwa na Wafaransa wakimuuliza jina lake na hakupata neno hata moja la kuwajibu. Kifaransa kilikuwa kimemtoka. Kiingereza pia. Alisema tu, kwa Kiswahili cha mama yake, "Kichwa iko inawaka. Mwambie mama azime jiko." Ikabidi Deka atafsiri kwa Kiingereza, na mganga mmoja atafsiri kwa wenzake. Muda mfupi baadaye Deka akapewa fomu.

Alichoandika mnakijua. Charanjit aliandika saa ile ile, kwa kuwa kwake ilikuwa ya kweli.

Wiki zilizofuata Deka, aliyeumwa kichwa siku chache tu, alipata nafuu. Précieuse hakupata. Kichwa kilimuuma, mkono wa kulia ulitetemeka, mwanga ulimchoma macho. Alianza sentensi na kuiacha katikati. Mnamo Mei shirika likatoa barua yake. Nimeisoma. Inasema mafundi walikuta mabaki kidogo ya oili, kiasi kilicho ndani ya mipaka. Inasema, kwa mujibu wa taarifa za wafanyakazi wote, harufu ilianza saa tatu na dakika hamsini na mbili na hewa ilirekebishwa dakika nne baadaye, na kwamba dakika nne haziwezi kuleta dalili za namna hiyo. Daktari wao alipendekeza kwamba dalili za Précieuse "huenda zinatokana na historia yake ya ukimbizi".

Précieuse aliondoka Kongo akiwa na miaka miwili, amefungwa mgongoni. Anachokumbuka cha utoto wake ni mvua ya Shard End na mwalimu aliyeshindwa kutamka jina lake. Lakini mtu wa ofisini alitazama faili, akaona neno mkimbizi, akaona hapo pana jibu rahisi la kila swali. Hivi ndivyo wanavyofanya. Hewa yao inapotuumiza, wanasema tulikuja tumeumia.

Na kilichowapa nafasi ya kusema hivyo kilikuwa ile saa ya uongo kwenye fomu ya Deka.

Deka alikwenda kumwona Précieuse mara sita. Mama yake Précieuse, Annonciata, muuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee, alimpokea kama mwanawe. Alimpikia sombe, yaani majani ya muhogo, na samaki, akamjazia sahani.

"Kula, mtoto. Weye ndiye ulitoa binti yangu mu moshi. Nakuombea kila asubuhi, hata kama weye ni Mwislamu. Mungu anajua anwani yako."

Deka alicheka kwa adabu, akameza.

Précieuse alikaa pembeni, pazia limefungwa. "Dada Deka," akasema siku ya sita, "kuna kitu inanisumbua. Naona weye mu ile njia, uko na chupa ya marashi. Miye nakwambia kitu. Halafu hamna tena. Nilikwambia nini?"

"Sikumbuki," Deka akasema.

"Daktari alisema ni akili yangu inatunga."

"Pumzika, Precie."

Alitoka, akatembea kutoka Shard End hadi Castle Vale kwa miguu. Alipofika alimkuta mama yake anakunja nguo. Akasimama mlangoni bila kuvua koti.

"Mama, kuna kitu sijakuambia."

Akasema yote: barua ya abiria, mfuko chini ya kitanda, choo, marashi, Précieuse. Rukiya aliendelea kukunja shuka moja kwa muda mrefu kuliko linavyohitaji.

"Kwa hivyo ulinusa moshi ya injini," hatimaye akasema, "ukafikiria ni mama yako."

"Si hivyo, mama."

"Si ndivyo umesema sasa hivi? Hiyo barua iko miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Miaka mitatu unaficha nguo kama umeiba. Mbona hukuniambia?"

"Ungeskia vibaya."

"Na sasa naskia vizuri?" Rukiya akakaa kitandani. Akamwita "hooyo", yaani mama, neno ambalo mama wa Kisomali humwita nalo mtoto wake. "Hooyo, mtu akikuambia unanuka, si ungekuja tumtukane pamoja hapa ndani, halafu nifukize nguo zingine niache hiyo moja? Hiyo ilikuwa kazi ya dakika mbili. Sasa angalia mtoto wa watu."

"Nikisema ukweli watanifukuza."

"Watakufukuza."

"Na kodi ya nyumba?"

"Nimekuuliza kodi?" Akainuka. "Enda useme. Lakini usiniweke mbele yako kama ngao, eti ni mama alifukiza. Mimi nilifukiza. Mdomo ulikuwa wako."

Jumatatu Deka aliomba kikao. Meneja wa usalama alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza. Charanjit aliruhusiwa kuwepo.

"Nataka kubadilisha saa niliyoandika," Deka akasema. "Niliisikia saa tatu na thelathini na moja. Saa tatu na thelathini na nane Précieuse aliniambia inanuka nyuma. Akataka kumwita Charanjit. Nilimwambia anyamaze."

Charanjit akageuka kumtazama. Meneja akaweka kalamu chini.

"Unaelewa kanuni inasemaje kuhusu jambo hilo?"

"Naielewa."

"Na kwa nini hukutoa taarifa?"

Deka akaeleza. Alipofika kwenye unsi, meneja aliichukua kalamu tena na kuanza kuandika kwa haraka, na uso wake ukapata nafuu kidogo.

"Kwa hiyo wakati ule uliamini harufu ilitoka kwenye nguo zako mwenyewe."

"Niliamini. Nilikosea."

"Lakini huna hakika kamili kwamba haikutoka huko."

Deka akaitazama karatasi iliyokuwa mbele ya meneja. Aliona mlango aliokuja kuufungua ukifungwa mbele yake na mkono wake mwenyewe.

"Ngoja," Charanjit akasema. "Unaandika nini hapo?"

"Kwamba shahidi hana hakika na chanzo."

"Miaka ishirini na sita nimeruka, bwana. Nimebeba watu wanaonuka bia, kinyesi, vitunguu, maiti mara moja. Hakuna nguo iliyomfanya rubani msaidizi ashindwe kusoma namba. Hakuna nguo inayoacha oili kwenye bomba la hewa. Mafundi wenu wameikuta, imo kwenye barua yenu." Akaegemea mbele. "Na andika na hili. Barua ya yule abiria niliiweka mimi kwenye faili. Nilimfundisha msichana huyu ajinuse yeye kabla ya kuinusa ndege. Andika, na jina langu uliandike herufi zote. Charanjit lina t mwishoni."

Meneja aliandika.

Siku hiyo hiyo walichukua beji ya Deka. Wiki tatu baadaye alipata barua ya kufukuzwa kazi, kwa kuchelewesha taarifa na kwa kutoa taarifa ya uongo, na yote mawili alikuwa ameyafanya. Charanjit alipewa onyo. Kuhusu Précieuse, shirika liliandika kwamba suala lake "litatazamwa upya". Mpaka ninapoandika, bado wanatazama. Sina habari njema ya kuweka hapa. Ninachojua ni kwamba zile dakika nne zimefutwa kwenye karatasi zao, na mahali pake zimeandikwa ishirini na tano, na hakuna daktari atakayesema tena kwa wepesi kwamba ni Bukavu iliyomtetemesha msichana yule mkono.

Lakini kulikuwa na kikao kingine, na hicho Deka alikiogopa zaidi. Kutoka ofisini alikwenda moja kwa moja Shard End, akiwa bado na sketi ya sare. Annonciata alifungua mlango akiwa na mwiko mkononi.

"Ah, mtoto! Ingia, nimetia chungu motoni."

"Mama Annonciata, sitakula leo. Nimekuja kusema neno."

Akalisema akiwa amesimama. Alianza na saa tatu na thelathini na moja, hakuruka kitu. Annonciata alisikiliza hadi kwenye maneno "usimwambie", kisha akaenda jikoni, akazima moto, akabaki huko akiwapa mgongo.

Précieuse alikuwa kwenye kiti chake, miwani ya jua usoni.

"Kwa hiyo nilisema," akasema.

"Ulisema."

"Niliskia harufu, miye mwenyewe, nikakwambia. Sikuota."

"Hukuota. Ulikuwa sawa tangu mwanzo."

Précieuse akavua miwani. Machozi yalimtoka lakini alikuwa akicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeona kitu chake kilichoibwa kinarudi. "Miezi mitatu banasema akili yangu inatunga. Nikaanza na miye kuamini." Kisha kicheko kikakatika. "Na weye ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Ulikuja hapa mara ngapi?"

"Sita."

"Mara sita. Ukala sombe ya mama. Ukaniangalia niko natafuta jina ya kijiko, ukanyamaza."

"Ndiyo, Precie."

"Usiniite Precie."

Deka aliinamisha kichwa. Alielekea mlangoni.

"Simama," Précieuse akasema. "Mama, lete karatasi."

Annonciata akaleta daftari la mafunzo yake ya uuguzi na kalamu, akaviweka mezani bila kumtazama Deka.

"Andika," Précieuse akasema. "Yote ulisema sasa. Kesho asubuhi nitasahau. Nitaamka, nitakumbuka tu vile tulikuwa tunacheka, nitakupigia simu uje. Miye sitaki. Nataka kujua ju ya nini nakukasirikia."

Deka akakaa, akaandika. Aliandika kwa Kiswahili, ukurasa mzima na nusu, kwa mwandiko mkubwa ili macho ya Précieuse yasiumie. Akatia sahihi. Précieuse akalivuta daftari, akalisoma polepole, kidole kikifuata mstari na kutetemeka juu yake. Katikati ya ukurasa akasimama.

"Hapa umeandika tu 'akaniambia'. Ongeza saa."

Deka akaongeza: saa tatu na dakika thelathini na nane.